Bunduki ya upepo nchini Uingereza: mwongozo kamili wa kumiliki na kulenga shabaha

Anayetoka Kenya au Tanzania akahamia Leicester, Reading au Birmingham hushangaa siku anapoingia duka la bunduki. Ukutani zimepangwa bunduki za upepo, na muuzaji anamwambia wazi kwamba aliyetimiza miaka 18 anaweza kuondoka na mojawapo leo hii bila leseni wala barua ya polisi. Wapo wanaosikia hivyo wakadhani hiki ni kifaa cha kuchezea ambacho sheria haikijui. Sheria inakijua vizuri sana. England na Wales hazikuulizi mengi wakati wa kununua, lakini tangu siku hiyo zinakuwajibisha kwa kila kitu: nguvu ya bunduki, mahali ulipoibeba, mikono iliyoishika na pale kirisasi kilipoangukia.

Kwa sisi tulio wageni uzito wake ni mara mbili. Asiye raia akihukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, kwa kawaida huingizwa kwenye utaratibu wa kufukuzwa nchini chini ya sheria ya mipaka ya mwaka 2007. Hata kosa dogo huangaliwa siku anapoomba uraia, kwenye kipengele cha tabia njema. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na sheria kabla ya kufika kwenye mtutu na darubini.

Hatua ya kwanza: jua sheria ya mahali unapoishi

Tunasema "Uingereza" kwa mkupuo, lakini kuhusu bunduki za upepo kuna sheria tatu tofauti chini ya bendera moja.

England na Wales zinafuata Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1968 pamoja na marekebisho yake mengi. Huko bunduki ya upepo ya nguvu ya kawaida haihitaji cheti. Scotland iliachana na utaratibu huo. Mwaka 2005 mtoto wa miaka miwili aliuawa Glasgow kwa kirisasi cha bunduki ya upepo kilichompata kichwani, na baada ya kampeni ndefu bunge la Scotland lilipitisha sheria ya mwaka 2015. Tangu tarehe 31 Desemba 2016, anayekaa Scotland na bunduki ya upepo yenye nguvu inayozidi jouli 1 lazima awe na cheti kutoka polisi. Mgeni anayeenda huko kwa mashindano ya siku mbili naye anatakiwa kuomba kibali cha mgeni mapema. Ireland Kaskazini ni kali vilevile: ikizidi jouli 1, ni cheti cha silaha.

Kwa hiyo mtu wa Carlisle anayevuka mpaka kwenda kumtembelea rafiki Dumfries akiwa na bunduki kwenye buti la gari anatenda kosa mara tu anapoingia Scotland, ingawa asubuhi alikuwa mtu halali kabisa.

Baada ya mahali, jiangalie wewe mwenyewe. Aliyewahi kuhukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi haruhusiwi kugusa silaha yoyote, ya upepo ikiwemo, maisha yake yote. Aliyehukumiwa kuanzia miezi 3 hadi chini ya miaka 3 anazuiwa kwa miaka 5 tangu atoke, na tangu mwaka 2014 hukumu iliyosimamishwa ya miezi 3 au zaidi nayo inaleta kizuizi cha miaka 5. Katazo hilo halibagui bunduki yako na ya rafiki. Hata kuazima uwanjani ni kosa.

Umri nao una ngazi zake. Kununua, kukodi au kupewa zawadi ni kuanzia miaka 18. Wa miaka 14 hadi 17 anaweza kuazima na kulenga bila msimamizi kwenye eneo la mtu binafsi, mradi mwenye eneo ameridhia. Aliye chini ya miaka 14 lazima awe chini ya macho ya mtu wa miaka 21 au zaidi, na kirisasi kikivuka mpaka wa eneo, msimamizi aliyeruhusu naye ana kosa. Kwa hiyo baba unayetaka kumfundisha binti yako wa miaka 11, inawezekana kabisa. Bunduki itabaki yako, na hutaondoka kando yake hata kwenda kupokea simu.

Hatua ya pili: elewa kikomo cha nguvu

Hapa ndipo wengi hujikwaa, nami nitakaa kidogo.

Kanuni za mwaka 1969 ziliweka kikomo cha futi-pauni 12 kwa bunduki ndefu na futi-pauni 6 kwa bastola, nguvu ikipimwa pale kirisasi kinapotoka mdomoni mwa mtutu. Kwa vipimo vyetu ni kama jouli 16.3 na jouli 8.1. Bunduki ndefu ikizidi hapo inageuka kuwa silaha ya moto inayohitaji cheti, na kukaa nayo bila cheti kunaweza kukufunga hadi miaka 5. Bastola ikizidi inaingia kwenye kundi la silaha zilizopigwa marufuku kabisa. "Sikujua" si utetezi.

Jinsi ya kukokotoa: chukua uzito wa kirisasi kwa gramu, zidisha kwa kasi yake kwa mita kwa sekunde, zidisha tena kwa kasi hiyo hiyo, kisha gawanya kwa 2000. Jibu ni jouli. Tuchukue kirisasi cha kawaida cha gramu 0.547 kinachotoka kwa mita 240 kwa sekunde. Utapata jouli 15.75, na uko salama. Sasa kasi iongezeke mita 5 tu, ifike 245. Unapata jouli 16.4, umeshavuka. Mita tano kwa sekunde huwezi kuzisikia begani wala sikioni.

Na kuna jambo zaidi. Bunduki ile ile hutoa nguvu tofauti kwa virisasi tofauti. Zile za hewa iliyoshindiliwa kwa kawaida hupata nguvu zaidi kwa kirisasi kizito, na za springi mara nyingi hupata zaidi kwa chepesi. Polisi wakiipima hawatatumia kopo lako moja unalolipenda, watajaribu aina kadhaa. Kwa hiyo bunduki inayotoa jouli 15 hadi 15.5 kwa virisasi vyako ni ya kutuliza moyo kuliko ile inayokaribia ukingo. Usinunue springi "ya kuongeza nguvu" mtandaoni, na kila bunduki ikifunguliwa kwa matengenezo, ipimwe kwa kronografu, kifaa cha kupima kasi ya kirisasi, kabla ya kurudi uwanjani. Klabu nyingi zinacho kifaa hicho na hukupimia bila malipo.

Tahadhari kwa wanaonunua vya zamani: bunduki na bastola za upepo zinazotumia katriji zilizobeba gesi ndani yake, kila katriji na kirisasi chake, zilipigwa marufuku mwaka 2004. Ukiiona kwenye mnada wa vitu vya marehemu, usiiguse. Mwambie mwenye mnada awaite polisi.

Hatua ya tatu: chagua bunduki

Ziko za aina tatu. Ya springi unaikoki kwa kuvunja mtutu au kwa kuvuta mkono ulio chini yake. Springi inabanwa, ukifyatua inasukuma pistoni na pistoni inashindilia hewa. Haihitaji pampu wala mtungi. Ya hewa iliyoshindiliwa ina silinda ndogo inayojazwa hadi shinikizo la baa 200 hivi kwa pampu ya mkono au mtungi wa wapiga mbizi, na hutoa risasi nyingi bila kuruka mkononi. Ya tatu hutumia gesi ya kaboni dayoksaidi. Nguvu yake hushuka baridi ikizidi, na kwa majira ya hapa hilo linatosha kuniondolea hamu nayo.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni springi ya kuvunja mtutu kutoka kiwanda chenye jina, kwa mfano Weihrauch ya Ujerumani, Air Arms au BSA. Ni ngumu zaidi kuilenga kuliko ya hewa iliyoshindiliwa, na ugumu huo ndio mwalimu: kila kosa la mkono linaonekana kwenye karatasi. Pia inadumu. Bunduki za BSA zilizotengenezwa Birmingham kabla ya vita bado zinafanya kazi mikononi mwa wajukuu wa walionunua. Lakini mwenye bega bovu au mkono usio na nguvu asijitese. Kukoki springi mara mia kwa asubuhi moja ni kazi, na bunduki ya hewa iliyoshindiliwa itamfaa tangu mwanzo, ingawa akijumlisha pampu au mtungi gharama hupanda sana.

Kipenyo cha mtutu kwa kawaida ni milimita 4.5 au 5.5. Kwa nguvu ile ile, kirisasi cha 4.5 ni chepesi, huenda kasi na njia yake huwa nyoofu zaidi, kwa hiyo ukikosea kidogo kukadiria umbali bado utapiga. Cha 5.5 ni kizito na hupinda mapema. Kwa shabaha za karatasi na mashindano chukua 4.5 na usihangaike tena.

Ishike dukani kabla ya kulipa. Weka kitako begani ukiwa umefumba macho, kisha fumbua: kama jicho limekaa sawa na kilengeo bila kukunja shingo, bunduki imekukubali. Anayelenga kwa jicho la kushoto aulize yenye kitako kisichopendelea upande.

Hatua ya nne: kununua kihalali

Anayefanya biashara ya bunduki za upepo lazima awe muuzaji wa silaha aliyesajiliwa, na makabidhiano yawe ya ana kwa ana. Sheria ya mwaka 2006 ndiyo iliyoweka hayo. Ukiipenda bunduki iliyo duka la mbali, duka hilo huituma kwa muuzaji mwingine aliyesajiliwa karibu nawe, na wewe unakwenda kuichukua huko na kitambulisho chenye picha na uthibitisho wa anwani. Virisasi, karatasi na darubini vinaweza kuja kwa posta.

Kununua kwa mtu binafsi kunaruhusiwa mradi nyote ni watu wazima na hakuna aliyezuiwa. Lakini hujui aliyekutangulia aliifanyia nini. Masharti yangu kwa bunduki ya mkono wa pili ni mawili: ipimwe kwa kronografu mbele yangu, na muuzaji aniandikie karatasi yenye jina lake, tarehe na namba ya bunduki. Akikataa lolote kati ya hayo, ninaaga.

Hatua ya tano: kuihifadhi na kuibeba

Tangu Februari 2011 ni kosa kutochukua tahadhari za kutosha kuzuia aliye chini ya miaka 18 asiishike bunduki yako bila ruhusa ya sheria, na faini hufika paundi 1,000. England na Wales hazilazimishi kabati la chuma kwa bunduki hizi, lakini kwenye nyumba zetu, ambako watoto wa ndugu huja wikendi na mlango haufungwi kwa mgeni, nasema nunua kabati la chuma na ulifunge ukutani. Ufunguo ukae nawe au mahali ambapo mtoto hafiki. Virisasi viwe kwenye droo nyingine yenye kufuli. Juu ya kabati la nguo si hifadhi, wala chini ya kitanda.

Kuhusu kuibeba, sheria ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Kuwa na bunduki ya upepo mahali pa umma bila sababu ya msingi ni kosa, iwe imejazwa au tupu. Sababu ya msingi ni kama safari ya kwenda klabu, shambani ulikoruhusiwa, au kwa fundi. Iwe ndani ya mfuko uliofungwa, haijakokiwa, haina kirisasi, na safari iwe ya moja kwa moja. Kupitia sokoni kununua unga ukiwa nayo mgongoni kunaifanya sababu yako iwe nyepesi mbele ya hakimu.

Kwenye gari iwe kwenye buti, isionekane, na isilale humo. Na ikitokea mtu ameona mtutu akapiga simu, askari watakaokuja watakuwa na silaha na hawatajua kwamba yako ni ya upepo. Usigeuke nayo. Iweke chini taratibu, onyesha mikono, fuata kila wanachosema, halafu eleza. Kwa mtu mweusi ninalisisitiza hili bila kumung'unya maneno.

Hatua ya sita: tafuta mahali pa kulenga

Pazuri pa kuanzia ni klabu. Chama cha kitaifa cha bunduki ndogo, NSRA, chenye makao Bisley huko Surrey, kina klabu nchi nzima, na nyingi zina siku za majaribio ambapo mgeni huazimwa bunduki na kusimamiwa. Huko utakuta mita 10 za ndani, mchezo ambao uliingia Olimpiki mwaka 1984 Los Angeles, na ambao mwaka 2008 kule Beijing ulimpa Abhinav Bindra medali ya kwanza ya dhahabu ya mtu mmoja mmoja kwa India. Kitovu cha alama 10 kwenye karatasi yake kina upana wa nusu milimita. Utakuta pia mchezo wa msituni, ambako vibao vya chuma vyenye umbo la mnyama hupangwa kwa umbali usiotajwa hadi yadi 55, navyo huanguka tu ukipenyeza kirisasi kwenye tundu la milimita 15 hadi 45. Kuna na jadi ya baa za Birmingham na jirani zake, ambako watu hupiga tundu dogo lenye kengele nyuma yake. Jaribu zote kabla ya kuchagua.

Bustani ya nyumbani inaruhusiwa, kwa sharti moja kubwa: kirisasi kisivuke mpaka wa eneo lako bila ridhaa ya jirani. Kikivuka ni kosa, hata kama hakikumgusa mtu. Vilevile ni kosa kufyatua ndani ya futi 50, yaani mita 15 hivi, kutoka katikati ya barabara ikiwa mtumiaji wake ataumia, atazuiwa au atahatarishwa. Mpangaji asome mkataba wake kwanza. Wenye nyumba wengi hukataza.

Kirisasi cha bunduki halali kinaweza kuruka zaidi ya mita 200 kikiachiwa hewani. Kwa hiyo kizuizi cha nyuma ndicho kitu cha kwanza kujenga. Anza na kisanduku cha chuma kinachoelekeza kirisasi chini, halafu nyuma yake weka ubao mnene wa upana wa mita moja na nusu na zulia kuukuu likining'inia mbele ya ubao. Usiuamini uzio wa mbao nyembamba. Lenga kutoka juu kwenda chini ikiwezekana, na panga ili nyuma ya shabaha pasiwe na mlango, njia wala dirisha la mtu. Usipige mawe, chupa, maji wala chuma kilichosimama wima karibu nawe, kwa sababu kirisasi hurudi. Kila aliyepo avae miwani ya kinga. Kisha nenda kwa jirani umweleze unachofanya na saa zako. Jirani aliyearifiwa hapigi simu polisi kwa hofu.

Bustani ya umma, uwanja wa halmashauri, msitu usio na geti na shamba lililoachwa vyote vina mwenyewe. Kuingia eneo la mtu na bunduki bila ruhusa ni kosa hata kama ni tupu.

Hatua ya saba: kujifunza kulenga

Anza na mazoea ya mkono. Mtutu daima uelekee mahali salama. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi darubini iwe kwenye shabaha. Unapoweka kirisasi kwenye bunduki ya kuvunja mtutu, mkono mmoja ushikilie mtutu wakati wote, kwani ukijifunga ghafla unavunja vidole. Ile yenye mkono wa chini ni hatari zaidi, maana sehemu inayoteleza ndani inaweza kukata kidole. Shika mkono huo mpaka kirisasi kimeingia. Kamwe usifyatue springi bila kirisasi, pistoni itajigonga na kuharibika. Na kwenye bunduki ya hewa iliyoshindiliwa, usisukume bolti mara mbili, utajaza virisasi viwili.

Halafu tafuta kirisasi ambacho mtutu wako unakipenda. Mitutu miwili ya kiwanda kimoja, iliyotoka siku moja, inaweza kutofautiana. Nunua aina nne au tano. Piga vitano vya kila aina kwenye karatasi kwa mita 25 ukiwa umekaa na umeegemea. Kabla ya kila aina mpya piga kama kumi za kuusafisha mtutu mabaki ya aina iliyopita. Aina inayoacha matundu yaliyobanana zaidi ndiyo yako, hata kama ndiyo ya bei nafuu. Nunua makopo kadhaa ya mfululizo mmoja.

Sasa darubini. Kwa springi nunua iliyoandikwa kwamba inafaa bunduki za upepo. Springi hurusha bunduki nyuma kisha mbele, na mruko huo wa pande mbili huzivunja darubini nzuri zilizotengenezwa kwa bunduki za baruti. Ifunge msalaba (mistari miwili inayokatana ndani yake) ukiwa wima kabisa, ukitumia kamba yenye uzito kama kipimo. Anza mita 10 upate kugusa karatasi, kisha hamia mita 25. Piga tano, tafuta katikati ya kundi la matundu, pima umbali wake hadi kitovu. Darubini nyingi husogea robo ya dakika (dakika ya pembe, si ya saa) kwa kila mbofyo, ambayo kwa mita 25 ni milimita 1.8 hivi. Kundi likiwa milimita 18 chini, unahitaji mibofyo kumi kupanda. Usirekebishe kwa tundu moja, daima kwa kundi.

Elewa pia kwamba darubini iko juu ya mtutu, kwa hiyo kirisasi huanza chini ya mstari wa macho, kinapanda kuukuta, kisha kinashuka. Bunduki ya 4.5 iliyosawazishwa kwa mita 27 itapiga kama sentimita moja chini kwa mita 10, na kwa mita 45 itakuwa imeshuka sentimita kadhaa. Piga kila mita tano kuanzia 10 hadi 45, andika kwenye daftari, kisha bandika jedwali dogo ndani ya kifuniko cha darubini. Daftari hilo litakufaa kuliko darubini ya bei kubwa.

Kushika springi kuna siri yake. Kirisasi bado kimo ndani ya mtutu wakati bunduki imeshaanza kutikisika, kwa hiyo namna unavyoishika inaamua kitatokea wapi. Ukiibana, kila mbano ni tofauti na kila tundu litakuwa mahali pake. Iweke juu ya kiganja kilichofunguliwa, karibu na sehemu inapojisawazisha, kama unavyobeba sinia ya chai ya wageni. Bega liguse tu. Mkono wa kulia usiminye. Acha iruke inavyotaka, mradi iruke vilevile kila mara. Usiilaze juu ya meza au tofali, itadunda na kupiga juu.

Kabla ya kufyatua, fumba macho, vuta pumzi, toa nusu, fumbua. Kama msalaba umehama kutoka kwenye shabaha, usiusukume kwa misuli. Sogeza miguu au kiuno mpaka urudi wenyewe. Kifyatulio kizuri kina hatua mbili: vuta ya kwanza hadi usikie ukuta, simama, kisha ongeza uzito polepole mpaka ifyatuke. Ukikaa zaidi ya sekunde nane hivi macho huchoka na mkono hutetemeka, basi shusha uanze upya. Baada ya mlio endelea kuangalia msalaba mpaka uone tundu. Wanaoinua kichwa haraka kutazama matokeo ndio wanaopiga juu.

Nusu saa tulivu mara tatu kwa wiki inajenga kuliko siku nzima ya Jumapili. Anza umekaa, kisha piga magoti, mwisho simama. Kusimama ni kugumu kwa kila mtu, na hapo ndipo utajua umefika wapi.

Hatua ya nane: kama unataka kuwinda

Si lazima. Wengi humaliza maisha yao kwenye karatasi na vibao wakiwa na furaha tele. Lakini ukiitwa shambani kusaidia kupunguza wanyama waharibifu, sharti la kwanza ni ruhusa ya mwenye ardhi, kwa maandishi, yenye jina lako, mipaka na tarehe, nawe uitembee nayo.

Sungura, panya na kindi wa kijivu huruhusiwa. Kindi mwekundu analindwa. Ndege wote wa porini wanalindwa na sheria ya mwaka 1981. Njiwa pori na kunguru huuawa tu chini ya leseni za jumla zinazotolewa na serikali, zenye masharti ya sababu na namna. Soma leseni ya mwaka huo kabla ya kutoka, kwa sababu hubadilishwa.

Kipimo cha uwezo ni hiki: umbali ambao risasi tano kati ya tano zinaingia kwenye duara la milimita 25, ukiwa katika mkao utakaoutumia shambani. Huo ndio mwisho wako. Kwa wengi ni chini ya mita 30. Mnyama aliyejeruhiwa akakimbia kwenda kufa shimoni ni dhuluma, na kumsababishia mateso yasiyo ya lazima kunaweza kukufikisha mahakamani. Kwa Waislamu kuna swali la ziada: Kurani imeharamisha aliyekufa kwa kipigo, na maulamaa wamejadili risasi na virisasi kwa urefu. Muulize shehe unayemwamini kabla sungura hajafika jikoni.

Hatua ya tisa: utunzaji

Kidogo na kwa utaratibu. Pangusa chuma kwa kitambaa chenye mafuta mepesi kila baada ya kushikwa, hasa siku ya mvua. Usitie mafuta ya kulainisha yatokanayo na petroli kwenye chumba cha hewa. Yakishindiliwa hulipuka, huharibu sili na yanaweza kuipandisha nguvu bunduki kupita kikomo. Mtungi wa hewa upimwe kwa muda uliowekwa na ujazwe hewa kavu tu, kamwe si oksijeni. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana virisasi ni madini ya risasi, na usiviweke mdomoni kama baadhi ya wazee wanavyofanya.

Ukihama, ukiuza au ukisafiri

Anayehamia Edinburgh au Belfast aombe cheti kwanza, bunduki ifuate baadaye. Anayeiuza amkague mnunuzi umri, aandike risiti na abaki na nakala. Usiyeihitaji tena na huna wa kumpa, ipeleke kwa muuzaji aliyesajiliwa, au wapigie polisi namba isiyo ya dharura wakuelekeze pa kuikabidhi. Usiende nayo kituoni bila kuwaambia kwanza. Na unayepanga kwenda nyumbani Desemba, iache kabatini. Uhalali wake hapa hauifuati kwenye ndege, na usiingie nayo Nairobi, Dar es Salaam wala Zanzibar kabla hujapata jibu la maandishi la polisi wa huko na la shirika la ndege.